Mkwaruzo Mdogo Usifichwe

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia vya Kericho na Bomet)

 

Leo tuzungumze juu ya jambo ambalo mtu anaweza kuliona dogo: mikwaruzo kwenye rangi ya gari la kikundi. Kuna vikundi vilivyochanga miaka mingi mpaka vikapata pikapu ya mtumba ya kubebea majani ya chai, maziwa na mbolea. Pikapu hiyo ni akiba yenu, sivyo? Lakini ni akiba ya chuma, na chuma huliwa na kutu.

Huku kwetu kutu ina kazi rahisi. Mji wa Kericho uko yapata mita 2,000 juu ya bahari, na karibu hakuna mwezi usio na mvua. Chuma kikipata maji na hewa kwa pamoja, kutu huanza. Rangi ndiyo ukuta unaozuia. Ukuta ukitobolewa na jiwe la barabarani au mti wa ua, kutu haikai pale pale. Inatambaa chini ya rangi iliyo nzima, na baadaye rangi inafura kama lengelenge. Ukiibonyeza, inabomoka.

Basi, kwanza tujue mkwaruzo ni wa aina gani. Magari mengi yana praima juu ya chuma, kisha rangi, kisha vanishi inayong'aa ambayo mafundi huiita klia. Osheni mahali hapo kwa maji na sabuni, pakaukeni vizuri, halafu mpitishe ukucha polepole.

Ukucha usipokwama, mkwaruzo uko juu tu. Sugueni kwa polishi ya gari na kitambaa laini, kazi imekwisha. Hata dawa ya meno husaidia kidogo, kwa sababu ina unga wa kusugua.

Ukucha ukikwama lakini chini bado mnaona rangi ile ile, hiyo ni sura tu. Inaweza kungoja.

Mkiona kijivu cha praima, au chuma chenyewe, hapo msingoje. Fanyeni wiki hiyo hiyo.

Mtahitaji nini? Msasa wa maji namba 400 na namba 1000, mkebe mdogo wa praima ya chuma, rangi, thina kidogo, brashi ndogo, kitambaa safi cha pamba na selotepu ya karatasi. Rangi msinunue kwa kukisia. "Nyeupe" ziko nyingi! Kila gari lina namba ya rangi yake. Kwa Toyota nyingi, tafuteni kibao kwenye chumba cha injini au kwenye nguzo ya mlango, msome mstari ulioandikwa C/TR. Namba ya kwanza ni ya rangi ya bodi. Pelekeni namba hiyo kwenye duka la rangi za magari.

Sasa kazi yenyewe:

1. Anzeni asubuhi, umande ukishakauka, ili mmalize kabla ya mvua ya alasiri. Gari liwe kivulini. Rangi ikipakwa juu ya unyevu, mmefungia maji ndani.
2. Bandikeni selotepu kuzunguka mahali hapo.
3. Sugueni kutu kwa msasa namba 400 mpaka chuma king'ae chote. Hapa ndipo watu huchoka mapema. Kutu ikibaki hata kidogo, itarudi.
4. Futeni vumbi, kisha mpanguse kwa kitambaa chenye thina kidogo. Msitumie mafuta ya taa, yanaacha utelezi na rangi haishiki.
5. Pakeni praima nyembamba. Ikikauka, pakeni tena. Mara mbili nyembamba ni bora kuliko mara moja nzito.
6. Ikikauka kabisa, lainisheni kwa msasa namba 1000 na maji. Kausheni, halafu pakeni rangi mara mbili au tatu. Kama gari lina klia, malizieni kwa klia.
7. Ngojeni wiki kadhaa kabla ya kupiga polishi hapo.

Angalieni afya pia. Thina ni ya kutumia nje, mbali na moto na sigara. Rangi ya zamani isuguliwe ikiwa na maji, maana vumbi lake laweza kuwa na risasi, na watoto wakae mbali. Rangi za kuchanganya na hadina msizipulizie nyumbani. Mvuke wake unaweza kuleta pumu. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye vifaa. Vile vile, chuma kilichotoboka au kutu kwenye chesisi ni vya fundi.

Lakini nataka tuongee juu ya jambo lingine ambalo halihusu msasa. Kikundi kikiandika sheria kwamba "dreva akikwaruza gari, atalipa," mnajua dreva atafanya nini? Atapaka matope. Atapaka rangi ya kucha juu ya kutu. Atanyamaza. Na mkwaruzo ambao ungetengenezwa kwa nusu siku unakuwa mlango mzima wa kubadilishwa, na pesa zinatoka kwa wanachama wote, hata yule mama ambaye hajawahi kukaa ndani ya gari hilo.

Mimi nashauri hivi. Dreva akisema siku hiyo hiyo, asitozwe. Kikundi kitoe msasa na rangi, naye asaidie kazi. Akificha, hapo ndipo atozwe. Uzembe wa wazi, kama kuendesha akiwa amelewa, una sheria yake. Wekeni daftari ndani ya gari: tarehe, mahali, mkwaruzo gani, nani ametengeneza. Na mara moja kwa mwezi watu wawili, mmoja wao asiwe dreva, walizunguke gari lililooshwa.

Maswali ya kujadili katika kikundi:

1. Sheria yetu inamfanya dreva aseme, au afiche?
2. Ni nani kati yetu atajifunza kazi hii na kuwafundisha wengine?
3. Je, katika hesabu zetu kuna fungu la matengenezo madogo?