Mchungaji Aliyemo Ndani ya Simu

 Leo nasema na Wakristo. Jirani Mwislamu akisikiliza, karibu, utaona baadaye kwa nini nakuhitaji.

Wakristo wa Pemba tu wachache, na wengi tumeletwa na kazi: ualimu, uuguzi, ulinzi. Ukipangiwa kisiwa cha Makoongwe, ng'ambo ya Mkoani, Jumapili yako lazima uvuke maji ndipo ulitafute kanisa, na kusi ikivuma unabaki nyumbani. Basi unawasha simu. Mhubiri wa Dar es Salaam, wa Nairobi, wa Lagos, yumo humo usiku na mchana, anakuita mwanangu, na chini ya uso wake inapita namba ya kutumia sadaka. Sisemi kila ahubiriye kwenye simu ni mwongo. Ila huyo sasa ndiye kanisa lako lote, na hapo ulipo hakuna wa kumuulizia.

Mhubiri asiyeulizwa anaweza kukufikisha pabaya, na mfano wake, Shakahola, si mbali. Ni Kilifi, mwambao huu huu, kaunti wanakoishi Wapemba wetu waliokwenda dago la uvuvi wakalowea, ambao serikali ya Kenya iliwatambua kuwa raia mwaka 2023. Mwaka huo huo, mwezi wa Aprili, polisi walianza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola. Miili ilipita 400, watoto wamo. Wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie walikuwa wakifunga kula hadi kufa ili wakutane na Yesu. Mwenyewe alifikishwa mahakamani na akakana mashitaka.

Wengi hukumbuka njaa. Mimi nashughulika zaidi na yaliyoitangulia. Miaka kadhaa kabla ya makaburi, mahubiri yalikuwa kwamba shule ni ya shetani na hospitali Mkristo asiikanyage. Kisha watu wakauza walichonacho, wakahamia msituni. Angalia mpangilio: ameondolewa mwalimu, ameondolewa daktari, mwisho ameondolewa mama mzazi na jirani. Siku ya muumini kuambiwa asile ilipofika, hapakuwa na mtu wa kumwambia ale.

Kanungu, Uganda, ilikuwa hivyo hivyo. Viongozi wa kikundi cha dini huko, kina Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde, waliwafunza wafuasi wao kukaa kimya, wakiwasiliana kwa ishara za mikono. Walitabiri dunia itakwisha mwaka 1999 unapomalizika. Haikwisha. Watu wakaanza kudai mali zao walizokabidhi, na tarehe 17 Machi 2000 kanisa likateketea na mamia ndani yake. Kumbukumbu la Torati, sura ya 18, inatoa kipimo chepesi cha nabii: alichokisema kimetokea au hakikutokea? Lakini kipimo hicho kinataka watu wanaoruhusiwa kufungua mdomo.

Fedha nazo zina neno lake, na hapa nitawaudhi baadhi yenu. Tumezoea kusema mwongo utamjua kwa gari lake. Haya, Loliondo je? Mwaka 2011 Ambilikile Masapila, mchungaji mstaafu wa Kilutheri, alitoa kikombe chake cha dawa pale Samunge kwa shilingi 500. Hakujijengea kasri. Mawaziri walikwenda, na askofu Thomas Laizer alimuunga mkono. Hata hivyo wapo waliofia kwenye foleni, na wapo walioacha dawa zao wakiamini wamepona. Unyenyekevu wake sina sababu ya kuutilia shaka. Lakini mgonjwa aliyetupa vidonge hakusaidiwa na unyenyekevu huo.

Kwa hiyo mimi swali langu la kwanza halihusu miujiza wala gari. Nauliza: ukitaka kumpinga huyu mhubiri, unampingia wapi? Ana wazee wa kanisa wanaoweza kumwambia hapana? Hesabu za sadaka husomwa mbele ya nani? Watu wa Beroya, katika Matendo ya Mitume 17, walimsikiliza Paulo mwenyewe kisha wakachunguza Maandiko kila siku kuona kama ndivyo. Paulo hakuwaambia wamelaaniwa.

Na ndugu Mwislamu, hapa ndipo ninapokuhitaji. Mwalimu Mkristo aliye mgeni Makoongwe akianza kukataa chakula chako, akimkatalia mwanawe chanjo, akaacha kutoka nje, wewe utayaona kabla mchungaji wake yeyote hajasikia. Mgongee mlango. Mwite sheha ikibidi.

Nanyi viongozi wa makanisa mnaokaa Unguja na bara, feri ya Pemba inayotia nanga Mkoani haiko mbali na Makoongwe, kipande kidogo tu cha maji. Mnazo orodha za waumini wenu waliohamishiwa huku. Ni lini mara ya mwisho mmoja wenu alipanda boti akaenda kuwatazama?