Bundi wa Ghalani



Nimetakiwa niseme juu ya utumishi serikalini. Mtaniwia radhi, nitasema juu ya bundi.

Wenzangu wa bweni wanakumbuka. Tulikuwa kidato cha pili, bundi akataga darini mwa ghala la chakula. Mwenzetu mmoja alikuwa amelazwa, tukakata shauri kwamba ndege yule anamwita. Tukapanda, tukavunja mayai yote. Aliyeshika ngazi ni mimi.

Baadaye, nikiwa kazini Ngara, panya walinimalizia mahindi. Nilikuwa nimesoma kwamba Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, watafiti waliweka masanduku ya viota na miti ya kutulia mashambani ili kuwavuta ndege wawindaji. Habari zake zilichapishwa mwaka 2006. Nikatundika sanduku la mbao mtini, nyuma ya nyumba. Msimu wa pili akaingia bundi, yule wa uso mweupe wenye umbo la moyo.

Jike huatamia siku 30 hadi 34. Hangoji mayai yatimie. Hukaa tangu yai la kwanza, ndiyo maana vifaranga hupishana umri. Hatoki ila kidogo sana. Dume ndiye anayemlisha, na kila giza likiingia nilimwona akija na panya mdomoni. Chini ya mti niliokota vidonge vya manyoya alivyotema. Kimoja nilikipasua mbele ya wanangu: mafuvu matatu ya panya.

Siku ya 19 mzee jirani akafariki. Usiku wa matanga vijana wakaja na mawe. Niliogopa, siwafichi, mtumishi akishasemwa kuwa anafuga bundi, maneno hayo humfuata mpaka ofisini. Nikawatolea yale mafuvu kwenye sahani. Hayakuwagusa. Aliyewarudisha ni mtoto mkubwa wa marehemu, aliyesema baba yake aliugua kabla sanduku lile halijatundikwa. Hata hivyo mmoja alirusha jiwe, likagonga ubao.

Jike hakutoka.

Kati ya mayai matano yaliangulika manne. Panya bado ninao, msije mkadhani bundi anawamaliza.

Leo, katika safari ya kuja hapa Biharamulo, nimebeba sanduku jingine garini. Namwomba Mwalimu Mkuu ruhusa nilitundike karibu na ghala lile lile kabla ya chakula cha mchana. Misumari ninayo. Ngazi sina.