Basi la Watoto wa Clarendon

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wazazi na walimu katika mkutano wa jumuiya)





Yanapotajwa mambo ya shule katika mikutano kama huu, watu hupenda kuzungumza juu ya masomo, nidhamu na mitihani. Mambo mawili husahauliwa kwa kuwa huonekana madogo: mtoto anafikaje shuleni, na ni nani aliyelipia jengo analolikuta huko. Hotuba hii ni juu ya mambo hayo mawili, na mfano wake umetoka mbali, katika wilaya ya Clarendon, jimbo la South Carolina, nchini Marekani. Safari hiyo ndefu ina sababu yake. Moja ya kesi zilizoivunja sheria ya kuwatenga watoto weusi na weupe katika shule za serikali za Marekani ilianza kwa ombi la basi moja tu.

Clarendon ni nchi ya mashamba. Katika mwaka wa masomo wa 1949 hadi 1950 wilaya ile ilikuwa na wanafunzi weusi 6,531 na weupe 2,375. Mabasi ya shule yalikuwa 30, na yote yalichukua watoto weupe. Watoto weusi walikwenda kwa miguu, na wengine mwendo wao ulikuwa maili 9 kwenda na maili 9 kurudi. Shule zao zilikuwa 61, nyingi zikiwa vibanda vya mbao vyenye mwalimu mmoja au wawili, na zote kwa jumla zilikadiriwa kuwa na thamani ya dola 194,575. Shule 12 za weupe zilikadiriwa dola 673,850. Kwa kila mtoto mweupe serikali ilitumia dola 179 kwa mwaka; kwa mtoto mweusi, dola 43.

Ilikuwa hivyo ingawa sheria yenyewe, tangu hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani ya mwaka 1896, ilisema kwamba watu wanaweza kutengwa maadamu wanapewa vilivyo sawa. Kutenga kulitekelezwa barabara. Usawa ulibaki katika karatasi.

Wazazi weusi hawakukaa bure. Walichanga senti zao wakanunua basi kuukuu, nalo likawa linaharibika kila mara. Wakaenda kwa wakuu wa shule kuomba msaada, hata wa petroli tu, wakakataliwa. Wenye kujua michango ya jumuiya wataelewa uchungu wa jambo hilo: mzazi amekwisha kulipa kodi iliyonunua mabasi ya wenziwe, kisha amenunua la kwake kwa mchango, na bado ananyimwa mafuta ya kulitembeza.

Katika kiangazi cha mwaka 1947 mchungaji mmoja, aliyekuwa pia mwalimu, jina lake Joseph DeLaine, alihudhuria mhadhara katika mji wa Columbia. Msemaji alikuwa James Hinton, kiongozi wa chama cha kutetea haki za watu weusi, NAACP, katika jimbo lile. Hinton aliuliza kama kuna mwalimu au mchungaji mwenye ujasiri wa kumpata mzazi atakayeishitaki serikali kwa ajili ya basi. DeLaine alirudi Clarendon na swali hilo moyoni, akampata mkulima mmoja, Levi Pearson, aliyekuwa tayari kutia jina lake.

Kesi ya Pearson ilifika mahakamani mwaka 1948, ikatupwa kabla ya kusikilizwa. Mawakili wa serikali waligundua kwamba shamba lake lilikuwa karibu na mpaka wa maeneo ya shule. Kodi aliilipa katika eneo moja, na watoto wake walisoma katika eneo jingine; kwa hiyo, kwa mujibu wa sheria, hakuwa na haki ya kudai. Mpaka ule, ambao mtoto aliuvuka kwa miguu kila asubuhi pasipo kujua kama upo, ulitosha kumzuia babaye mlangoni mwa mahakama. Pearson alilipia gharama nyingine pia: wenye fedha walikataa kumkopesha, na wakati wa mavuno hakupata wa kumwazima mashine.

Baada ya hapo wakili Thurgood Marshall, ambaye mwaka 1967 alikuja kuwa jaji wa kwanza mweusi wa Mahakama Kuu ya Marekani, aliwaambia watu wa Clarendon kwamba mtu mmoja na basi moja havitoshi. Walete wazazi wengi, wadai kila kitu kiwe sawa: usafiri, majengo, walimu. Mwezi wa Novemba 1949 ombi lilitiwa saini na wazazi na watoto zaidi ya mia. Jina la kwanza lilikuwa la Harry Briggs, aliyepata kuwa askari wa majini katika vita, na wakati ule akifanya kazi katika kituo cha petroli. Alifukuzwa kazi. Mkewe, Eliza, aliyekuwa akifanya usafi katika nyumba ya wageni, naye alifukuzwa. Nyumba ya DeLaine iliteketea kwa moto mwaka 1951. Wazima moto walifika wakasimama wakitazama, kwa hoja kwamba nyumba ilikuwa nje kidogo ya mpaka wa mji.

Kesi iliposikilizwa Charleston, mwezi wa Mei 1951, wakili wa serikali alisimama mwanzoni kabisa akakiri kwamba shule za weusi hazikuwa sawa na za weupe, akaomba muda wa kuzirekebisha. Maungamo hayo hayakutoka kwa hisani. Gavana mpya, James Byrnes, mtu aliyekwisha kuwa jaji wa Mahakama Kuu na Waziri wa Mambo ya Nje, aliuona mwisho wa njia. Mwaka huohuo wa 1951 jimbo lilitoza kodi ya asilimia 3 juu ya bidhaa zinazouzwa, likaruhusu mkopo wa dola milioni 75 wa kujenga shule, na kuyaunganisha maeneo ya shule zaidi ya elfu moja yakawa kama mia moja hivi. Shule mpya za matofali zilijengwa kwa ajili ya watoto weusi katika jimbo zima, na usafiri wa wanafunzi ukawa jukumu la jimbo.

Hapa pana jambo la kulitazama kwa makini. Fedha ambayo kwa miaka hamsini ilisemwa kuwa haipo ilipatikana kwa mwaka mmoja. Ilipatikana ili kutenga kuendelee. Na kwa kuwa kodi ile iliongezwa juu ya bei ya bidhaa dukani, mnunuzi mweusi alichangia kila aliponunua mahitaji yake.

Jambo hilo liliwatia watu katika mtihani mzito. Jengo jipya si kitu cha kudharau kwa mzazi ambaye mwanawe amekaa katika kibanda kinachovuja. Lakini madai yalikuwa yamekwisha kugeuzwa: hakimu mmoja wa Charleston, Waties Waring, alimshauri Marshall aushitaki utengano wenyewe badala ya kudai usawa ndani yake. Mahakimu wengine wawili walimshinda Waring kwa kura, naye akaandika hukumu yake peke yake, akisema kwamba kumtenga mtoto ndiko kumnyima usawa. Tarehe 17 Mei 1954 majaji wote tisa wa Mahakama Kuu ya Marekani walikubaliana na maana hiyo. Kesi ya Clarendon ilitangulia kufika huko, lakini iliunganishwa na nyingine, na hukumu ikajulikana kwa jina la Brown, mzazi wa Kansas.

Briggs hakuona matunda upesi. Huko Summerton, katika wilaya ileile, mtoto mweusi wa kwanza kuingia shule ya weupe aliingia mwaka 1965, na wazazi weupe wakawahamishia wana wao katika shule ya kulipia.

Basi nalo likapata kazi mpya. Mwaka 1971, katika kesi ya mji wa Charlotte, North Carolina, Mahakama Kuu iliruhusu watoto wachukuliwe kwa mabasi kutoka mtaa hadi mtaa ili wachanganyike. Huko Boston, mwaka 1974, mabasi hayo yalipigwa mawe. Mwaka huohuo, katika kesi ya Detroit, mahakama iliamua kwamba maeneo ya shule ya vijiji vya kandokando yasilazimishwe kupokea watoto wa mji pasipo kuthibitishwa kosa lao. Basi likasimama mpakani, kama kesi ya Pearson ilivyosimama.

Jengo ndilo lililobaki kufungwa zaidi na mpaka. Katika South Carolina eneo la shule haliwezi kukopa, pasipo kura ya wananchi, zaidi ya asilimia 8 ya thamani ya mali iliyokadiriwa kwa kodi ndani ya mipaka yake. Penye viwanda, asilimia 8 hujenga shule nzima. Penye mashamba na nyumba za maskini, asilimia ileile huenda isitoshe kuezeka paa.

Kwa sababu hiyo maeneo maskini ya vijijini yalilishitaki jimbo mwaka 1993. Kesi ilisikilizwa kuanzia mwaka 2003 katika mji wa Manning, makao makuu ya wilaya ya Clarendon. Mwaka 2005 hakimu aliona kwamba majengo yanatosha, na kwamba jimbo limekosa katika kuwahudumia watoto wadogo tu. Mwaka 2014 mahakama ya juu ya jimbo, kwa kura tatu dhidi ya mbili, ilisema kwamba watoto wale hawapewi nafasi ya elimu waliyoahidiwa na katiba. Miongoni mwa mapungufu iliyoyataja lilikuwamo la usafiri: mabasi hayawafikishi watoto shuleni wala kuwarudisha nyumbani katika hali inayofaa kwa kujifunza. Mwaka 2017 mahakama hiyohiyo iliifunga kesi, ikaliachia Bunge la jimbo kazi iliyobaki.