Mgongo wa Mwanamke Usihukumiwe kwa Haraka



Nimeombwa nizungumze juu ya afya kazini, nami nimechagua ugonjwa mmoja usiosemwa sana: baridi yabisi ya uti wa mgongo, hasa inapompata mwanamke. Mimi si daktari. Kazi yangu ni uandishi. Lakini jambo hili linawahusu wakuu wa shule na wa idara kama linavyowahusu waganga, maana wao ndio wanaotia sahihi barua za onyo.

Ugonjwa huu huanza taratibu, kwa kawaida kabla ya umri wa miaka 45. Kinga ya mwili huyageukia maungio ya mwili wenyewe, hasa pale uti wa mgongo unapokutana na nyonga. Usipotibiwa, baadhi ya wagonjwa pingili zao huungana, wasiweze tena kuinama.

Kwa miaka mingi vitabu vya udaktari viliufundisha kuwa ni ugonjwa wa wanaume, eti kwa kila mwanamke mmoja wapo wanaume 9 au 10. Kosa lilikuwa katika kipimo. Kanuni za New York, zilizorekebishwa mwaka 1984, zilidai madhara yaonekane kwanza katika picha ya eksirei. Na mifupa ya mwanamke mara nyingi huchelewa kuonyesha madhara hayo, ijapokuwa maumivu yake si madogo. Mwaka 2009 wataalamu walikubali kutumia pia picha za emarai, zinazoonyesha uvimbe kabla mfupa haujaharibika. Hapo ikadhihirika kwamba katika hatua za mwanzo wanawake na wanaume wanakaribiana kwa idadi. Hata hivyo, uchambuzi wa tafiti mbalimbali uliotolewa mwaka 2017 ulionyesha kuwa mwanamke hutambuliwa baada ya wastani wa miaka karibu 9, na mwanamume miaka 6 na nusu.

Miaka 9, ndugu zangu! Mtoto aliyeandikishwa darasa la kwanza siku mwalimu wake alipoanza kuumwa, sasa yuko sekondari. Muda wote huo mama yule ameambiwa ni uzazi, ni ndoo za maji, ni mawazo. Na kwa kuwa wanawake wengi huumwa pia shingo, kifua na visigino, husemwa kwamba huyu kila kiungo kinamwuma, basi hana ugonjwa.

Liko swali moja la kumwuliza: je, mapumziko yanakusaidia au yanakuzidishia? Mgongo uliochoshwa na mzigo hupoa ukilazwa. Mgongo wenye baridi yabisi humwamsha mtu usiku wa manane. Asubuhi hukakamaa kwa zaidi ya nusu saa, kisha hulegea kadiri anavyotembea. Tazameni basi dhuluma inavyozaliwa. Saa moja asubuhi mwalimu huyu anaingia akijikokota. Saa nne anapita uwanjani wima kabisa. Mkuu wake anahitimisha kwamba alikuwa akijisingizia, kumbe ameiona dalili yenyewe kwa macho yake.

Hali hiyo ikizidi miezi mitatu, aende kwa daktari, aeleze saa za maumivu, na aseme kama jicho limewahi kuwa jekundu, kuuma na kuchukia mwanga. Asiridhike na kipimo kimoja cha damu. Chembe ya urithi HLA-B27, ambayo uhusiano wake na ugonjwa huu ulitangazwa mwaka 1973, wagonjwa wengi wa Ulaya wanayo. Kwetu Afrika kusini ya Sahara ni adimu, hivyo kuikosa hakumwondolei mtu ugonjwa. Akiwa na homa, jasho la usiku na kukonda, achunguzwe upesi kifua kikuu cha mgongo.

Tiba ipo. Ibuprofeni na dawa za jamii yake, kwa maelekezo ya daktari, huwasaidia wengi. Sindano za kisasa zipo pia, ila bei yake ni kali. Mazoezi ya kila siku ni sehemu ya tiba, na kumlaza kitandani wiki mbili ni kumdhuru. Kazini anahitaji ruhusa ya kusimama na kutembea kidogo katikati ya kikao, na ratiba isiyompa kipindi cha kwanza. Hayo hayahitaji fungu jipya la fedha. Mkuu wa shule anaweza kuyaamua Jumatatu.