Mgeni Aliyekabidhi Kiti



Digbeth, hapa Birmingham, iliwapokea Waairishi wengi waliotafuta riziki kama sisi. Leo namkumbuka Mwairishi aliyehamia kwetu Kenya: John Joseph McCarthy, mmisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu, aliyekuwa Askofu Mkuu wa kwanza wa Nairobi mwaka 1953. Mwaka 1971, mimi ningali mwanafunzi wa shule ya msingi, aling'atuka, na kiti chake kikakaliwa na mwana wa nchi, Maurice Otunga.

Nami nimelishika daftari la ukoo muda mrefu mno, nikihofu kwamba vijana waliozaliwa ugenini watalipoteza. Nakiri kosa langu. Leo ninalikabidhi mikononi mwao, ingawa Kiswahili chao bado kinajikwaa.