Aliyerudi Tumpokeeje?
Mazungumzo na wanafunzi wa sekondari, Same

Sogeeni karibu, tuongee kindugu.

Likizo ikifika, wewe unayekaa bweni hapa Same unakimbilia stendi kutafuta gari la Mbaga au Mamba. Kule mlimani unajua kuna mtu atakayekupokea mzigo na kukuuliza kama umekula. Sasa fikiri: umeondoka miaka saba, tena kwa kutekwa. Siku ya kurudi, nani atakupokea?

Hata kwetu yalitokea. Karne ya 19 misafara ya Pangani ilipita chini ya milima hii, na watoto wa Upare waliotekwa waliuzwa utumwani. Wengi hawakurudi. Leo nawaeleza juu ya wengine waliorudi.

Usiku wa kuamkia 10 Oktoba 1996, waasi wa Lord's Resistance Army walivamia shule ya wasichana ya Aboke, kaskazini mwa Uganda. Walichukua wanafunzi 139, wasichana wa rika lenu. Sista Rachele Fassera, naibu mkuu wa shule, aliwafuata porini kwa miguu pamoja na mwalimu mmoja. Akarudi na 109. Wale 30 waliobaki waligawiwa kwa wapiganaji, wakalazimishwa kuwa wake zao. Baadhi walifia huko.

Miongoni mwa wazazi wa hao 30 alikuwamo Mama Angelina Atyam, mkunga. Yeye na wenzake waliunda chama cha kudai watoto wote waliotekwa, si wao tu. Waasi wakamwambia: nyamaza, tutakupa binti yako. Alikataa, maana watoto wa wenzake nao walikuwa bado porini. Mwaka 1998 Umoja wa Mataifa ulimtunuku tuzo ya haki za binadamu. Binti yake alirudi mwaka 2004, akiwa na watoto wawili.

Je, mambo yakaishia hapo? Hapana. Kwa wengi waliorudi, kufika nyumbani kulikuwa mwanzo tu. Waliota ndoto za kutisha, walishtuka kwa kelele kidogo, wengine walikaa kimya siku nzima. Na majirani nao wakawanyooshea vidole, wakawaita wao na watoto wao majina ya porini. Jamani, maneno kama hayo humfukuza mtu nyumbani mara ya pili.

Waacholi wa huko wana desturi: anayerudi hukanyaga yai bichi kabla ya kuingia nyumbani, na ukoo ukiangalia. Yai likishapasuka, amepokelewa. Wote wameshuhudia.

Wewe hapa Same huenda usikutane na aliyetekwa vitani. Lakini utakutana na mwenzako aliyerudi kutoka kazi za ndani mjini alikoteswa, au msichana aliyejifungua. Tangu Novemba 2021 serikali yetu inamruhusu kurudi darasani. Mlango umefunguliwa; je, dawati letu?

Basi fanya hivi. Usimhoji yaliyompata, akitaka kusema, msikilize. Usimpe jina la utani. Mwazime daftari, mwite mchezoni. Ukimwona halali, hali, au anasema afadhali afe, usikae na siri hiyo: mweleze mwalimu unayemwamini au muuguzi siku hiyohiyo.

Kesho akiingia darasani, wote watageuka kumtazama. Wewe msogezee kiti.