Deni la Matunzo: Sheria Inavyomfuata Mzazi Anayekaidi Amri ya Mahakama

Amri ya matunzo ya mtoto ina nguvu sawa na amri nyingine yoyote ya mahakama, na kila mwezi unaopita bila malipo huzaa deni. Mzazi aliyeamriwa kutoa shilingi 60,000 kwa mwezi, akakaa kimya miezi minane, anadaiwa shilingi 480,000, hata kama hakuna aliyempigia simu kumkumbusha. Yanayofuata ni hali ya Tanzania Bara. Zanzibar ina Sheria yake ya Mtoto ya mwaka 2011.

Zamani deni lenyewe lilikuwa dogo mno kumtia mtu hofu. Mtoto wa nje ya ndoa alitegemea sheria ya kikoloni, Sura ya 278, iliyomwekea baba kikomo cha shilingi 100 kwa mwezi. Shilingi iliporomoka, kikomo kikabaki palepale, mpaka matunzo ya mwezi mzima yakawa hayafikii bei ya mkate mmoja. Ilikuwa aibu, na watoto wengi walikua ndani ya aibu hiyo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 iliifuta Sura hiyo ya 278. Sasa mahakama huangalia kipato cha wazazi wote wawili, watoto wengine wanaowategemea, na gharama za maisha mahali mtoto anapoishi. Amri huendelea mpaka mtoto afikishe miaka 18, na yaweza kuongezwa akiwa bado masomoni.

Makubaliano ya ofisi ya ustawi wa jamii ni kitu kingine. Wazazi wengi huanzia huko, wakaandikishana mbele ya afisa na kutia sahihi. Karatasi hiyo ni ushahidi mzuri, lakini haina nguvu ya amri ya mahakama. Baba akiivunja, mama hana hukumu ya kukazia. Inambidi kwanza afungue shauri la matunzo.

Mwenye amri mkononi huomba kukazia hukumu. Mahakama yaweza kuelekeza mshahara wa mdaiwa ukatwe kwa mwajiri kabla haujamfikia, na hii ndiyo njia bora kwa mtoto, kwa kuwa fedha huja mwezi hadi mwezi bila ugomvi. Kwa asiye na mwajiri, dalali wa mahakama hukamata mali na kuiuza: pikipiki ya pili, shamba, jokofu la dukani. Sheria haiiachi familia mikono mitupu. Nguo, matandiko, vyombo vya kupikia, zana za fundi na nyumba anamoishi mdaiwa na familia yake havikamatwi. Ugumu uko kwa wenye kipato kisicho na karatasi, yaani wavuvi, madereva wa bodaboda na wachuuzi, na hao ndio wengi.

Mali isipopatikana, hubaki gereza la madai. Mdaiwa huitwa kwanza aeleze kwa nini asipelekwe huko. Swali linalompima ni moja: ameshindwa, au amekataa? Umaskini wa kweli ni utetezi. Aliyeuza kiwanja na kukiandikisha kwa jina la shemeji ili kukwepa deni, au aliyekuwa na fedha akaacha kulipa, hana pa kujifichia. Kifungo hakizidi miezi sita, na mdaiwa hutoka siku anayolipa. Ila posho ya chakula cha mfungwa wa madai hulipwa na anayedai. Mama aliyekosa ada ya shule ndiye anayetakiwa kutanguliza fedha za kumlisha baba gerezani. Si ajabu wengi huishia mlangoni mwa njia hii. Isitoshe, kutoka gerezani hakufuti deni: hatakamatwa tena kwa hukumu hiyo, lakini mali yake bado yaweza kufuatwa.

Jinai ina mlango wake. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Mtoto kinamtaka mzazi ampe mtoto chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu. Anayekivunja, chini ya kifungu cha 14, hukabiliwa na faini isiyozidi shilingi 5,000,000, kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Kukaidi amri halali ya mahakama nako ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu. Lakini faini huingia serikalini, si kwenye sufuria ya mtoto, kwa hiyo mashtaka hayawezi kushika nafasi ya kukazia hukumu.

Mzazi aliyeachishwa kazi au kuugua ana njia halali: kurudi mahakamani kuomba kiwango kipunguzwe. Anapaswa kwenda mapema, kabla malimbikizo hayajamzidi, akiwa na barua ya kuachishwa kazi au cheti cha hospitali, pamoja na ujumbe wa simu wa kila kiasi alichokwisha kutuma. Fedha iliyopita mkononi bila risiti huwa taabu kuithibitisha, hata kama mtoto alikula kweli. Na mpaka hakimu abadilishe amri, kiwango cha zamani kinaendelea kuhesabika.